Mimi Asiye na Shahidi: Riwaya ya Kichwamaji Ikisomwa Kutoka Port Reitz

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umezoea kumpima msimulizi wa nafsi ya kwanza kwa mizani mbili tu. Ama msimulizi huyo huchukuliwa kuwa kinywa cha mwandishi, na kila alisemalo likahesabiwa kuwa falsafa. Ama huchukuliwa kuwa mgonjwa, na kila alisemalo likahesabiwa kuwa dalili. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mizani zote mbili zina kasoro ile ile, yaani kumwondolea msimulizi kazi yake ya kwanza, ambayo ni kushuhudia. Kasoro hiyo huonekana wazi zaidi riwaya yenyewe ikisomwa mahali ambapo jina la wazimu ni jina la kituo cha matatu.

Port Reitz iko Mombasa bara, upande wa Changamwe, kando ya ghuba ichukuayo jina hilo hilo, si mbali na uwanja wa ndege. Jina limetokana na Luteni John James Reitz, ofisa wa jeshi la majini la Kiingereza ambaye Kapteni Owen alimwacha Mombasa mwaka 1824 awe gavana, baada ya Wamazrui kuomba ulinzi wa Waingereza dhidi ya Seyyid Said wa Omani. Reitz alifariki mwaka uo huo, na ulinzi wenyewe ukaondolewa mwaka 1826 kwa kuwa wakubwa wa London hawakuuidhinisha. Mahali hapa, basi, pamepewa jina la gavana wa serikali ambayo wenyewe waliikana. Lakini mtu wa Mombasa alisikiapo jina hili hamkumbuki luteni. Hukumbuka hospitali, na hasa sehemu yake ya wagonjwa wa akili. Kumwambia mtu kwamba anafaa kupelekwa Port Reitz ni mzaha wa barazani, lakini ni mzaha wenye meno, kwa sababu humwondolea mtu huyo haki ya kusikilizwa. Baada ya hapo hata akisema jua linachomoza mashariki, wako watakaogeuka kutazama.

Ajabu ni kwamba sheria ya nchi ina uangalifu zaidi kuliko baraza. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, katika kifungu cha 125, haisemi kwamba mgonjwa wa akili hafai kuwa shahidi. Inasema kwamba hazuiwi kutoa ushahidi ila pale ambapo hali yake inamzuia kuyaelewa maswali anayoulizwa na kuyapa majibu ya maana. Kwa maneno mengine, hakimu hatakiwi kuuliza kama mtu huyu ni mwendawazimu, akaishia hapo. Anatakiwa kuuliza: katika jambo hili, kwa swali hili, je, jibu lake lina maana? Wahakiki wangefanya vyema kuazima kifungu hicho.

Istilahi ya msimulizi asiyeaminika imetoka Marekani. Wayne Booth ndiye aliyeipa nguvu katika kitabu chake cha mwaka 1961, ingawa kitu chenyewe kilikuwapo zamani. Edgar Allan Poe alikwisha kumtumia mwaka 1843 katika hadithi ya muuaji ashikiliaye kwamba hana wazimu huku akisikia moyo wa maiti ukipiga chini ya sakafu. Naye Henry James, mwaka 1898, alimwachia yaya mmoja kisa kizima cha mizuka ambayo hakuna ajuaye kama ilikuwapo nje ya kichwa chake. Tzvetan Todorov, akiandika mwaka 1970, alijenga nadharia yake juu ya kusitasita huko: msomaji amesimama kati ya maelezo mawili, la maumbile na la mizimu, na maadamu hajaamua, hali hiyo ya ajabu inadumu.

Nadharia hizi ni za manufaa, lakini hazikuja Afrika ya Mashariki zikiwa mikono mitupu. Kabla ya mhakiki kuletewa dhana ya msimulizi asiyeaminika, daktari alikwisha kuitumia. J. C. Carothers, aliyeiongoza hospitali ya Mathari mjini Nairobi tangu 1938 hadi 1950, aliandika kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani kitabu kilichotoka mwaka 1953, ambamo alifananisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha maelezo yake kuhusu Mau Mau, na madai ya ardhi yakageuzwa kuwa maradhi ya nafsi. Huo ni mfano wa kutosha wa hatari iliyopo. Mwenye kalamu akishaamua kwamba msemaji haaminiki, halazimiki tena kulijibu alilosema. Mhakiki wa Kiswahili anayemwandikia mhusika hati ya wazimu hana budi kukumbuka hati hiyo ilitoka katika daftari gani.

Tena, msikilizaji wa pwani ana elimu yake mwenyewe ya kumsikiliza asemaye asiyeaminika. Fanani wa ngano huanza kwa paukwa, na hadhira ikaitika pakawa. Uongo umekwisha kualikwa, na kila mtu anajua kwamba amealikwa. Katika kilinge cha uganga mambo ni makubwa zaidi. Mgonjwa huitwa kiti. Pepo akipanda, kinywa ni cha mgonjwa lakini neno 'mimi' si lake, na waliohudhuria hawashangai. Humwuliza msemaji jina lake, ametoka wapi, amekuja kufanya nini, anataka nini. Hakuna anayesitasita kati ya ugonjwa na pepo kama atakavyo Todorov, kwani jamaa ile ile inayompeleka mtu kilingeni usiku yaweza kumpeleka hospitali asubuhi, bila kuona kwamba imejipinga. Kitisho cha kilingeni hakitokani na shaka kama pepo yupo. Kinatokea pale pepo anapokataa kutaja jina.

Fasihi andishi ya zamani iliufahamu mpango huu. Katika Adili na Nduguze, aliyoitoa Shaaban Robert mwaka 1952, limo tukio ambalo, likisomwa peke yake, lingetosha kuanzisha riwaya ya kutisha: mtu mashuhuri kwa wema wake anaonekana usiku akiwachapa mijeledi manyani wawili aliowafunga. Ikibali, mjumbe wa mfalme, anaona kwa siri, na habari inamfikia mfalme Rai. Adili anaitwa ajieleze. Anaeleza kwa nafsi ya kwanza kwamba manyani wale ni ndugu zake waliogeuzwa kwa nguvu ya majini, na kwamba kipigo ni amri aliyopewa. Msomaji wa leo atakuwa ametega sikio kwa shaka. Mtesaji gani asiye na kisa cha namna hiyo? Lakini Shaaban Robert haiachi shaka hiyo imee. Mfalme yupo, anasikiliza, anahakikisha, na mwisho manyani wanarudia umbo la watu. Ushuhuda unathibitishwa na kiumbe mwingine asiyekuwa msemaji. Hofu inazimwa kama taa.

Jambo lililobadilika katika riwaya ya majaribio, basi, si kuingia kwa majini wala kutoka kwao, wala si kuletwa kwa wazimu. Ni kuondolewa kwa mfalme Rai. Msimulizi amebaki na neno lake, na hakuna wa kulithibitisha.

Kabla ya kuifikia riwaya yenyewe, yafaa kuitazama lugha, maana Kiswahili kina vificho vyake. Kina neno 'eti', ambalo msemaji hulitia mbele ya habari asiyotaka kuidhamini. Kina neno 'kumbe', ambalo ni kukiri kwamba mtu alikuwa amekosea. Msimulizi asemaye 'kumbe' mara kwa mara anaweza kuaminiwa walau kiasi, kwa kuwa anajisahihisha mbele ya watu. Kina pia kiambishi -ka-, nguzo ya usimulizi wote, nacho ni kiambishi chenye hila. Mtu akisema, "Nikaingia chumbani, nikamkuta amelala, nikatoka", mfululizo umekaa sawasawa, sikio limeridhika. Lakini kati ya kukuta na kutoka pamepita muda gani? Palifanyika nini? Sarufi haimlazimishi kusema, na utaratibu wa -ka- unaufunika ufa huo kama mkeka mpya ufunikavyo sakafu iliyopasuka. Hatimaye kuna ile -ka ya mwisho wa kitenzi, inayojulikana na kila mtoto wa pwani aliyewahi kumponyoka mama yake: kikombe kimevunjika. Hakukivunja mtu. Kimevunjika. Lugha yenye kitenzi cha namna hiyo haihitaji kumwazima msimulizi mjanja kutoka kokote.

Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akafariki Dar es Salaam mwaka 2020. Kichwamaji, riwaya yake ya pili baada ya Rosa Mistika (1971), ilitoka mwaka 1974. Anayesimulia ni Kazimoto, mwanafunzi wa Chuo Kikuu aliyerudi nyumbani wakati wa likizo na kupata kazi katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Mkuu huyo ni Manase, waliyejuana naye tangu zamani. Manase ndiye aliyempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Rukia anakufa, na mama yao naye anakufa. Kazimoto anakusudia kulipiza kisasi, na njia anayoiona ni Sabina, dada yake Manase. Kisasi kinageuka kuwa mapenzi, au Kazimoto anasema kwamba kimegeuka, na Sabina anakuwa mkewe. Manase anapata mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi. Kazimoto naye anapopata mtoto wa namna hiyo kwa Sabina, anajiua.

Wahakiki wa miaka ya 1970 na 1980 walimsoma Kazimoto zaidi kwa mizani ya kwanza. Walimwona ndugu wa Meursault wa Albert Camus, wakazungumza juu ya udhanaishi, ukengeushi na maana ya maisha. Na wale waliotaka fasihi iwaonyeshe wakulima na wafanyakazi njia ya kutokea walimlaumu mwandishi kwa kukata tamaa. Lawama hiyo ina haki yake katika wakati wake, wakati wa Azimio la Arusha. Hata hivyo pande zote mbili, wasifu na walaumu, zilikubaliana bila kuambizana juu ya jambo moja: kwamba asemayo Kazimoto kuhusu nafsi yake ni kweli. Anaposema amekata tamaa, amekata tamaa. Anaposema amependa, amependa.

Hapo ndipo penye shaka. Msomaji akirudi nyuma ataona kwamba yale ambayo Kazimoto ayasema juu ya dunia yanasimama imara: Manase yupo, ofisi ipo, Rukia amekufa. Mambo haya yana matokeo yanayoonekana katika maisha ya wahusika wengine. Lakini ayasemayo juu ya moyo wake hayana shahidi hata mmoja. Kwamba chuki ilikwisha kabla ya ndoa, na kwamba Sabina aliolewa kama mke wala si kama deni linalolipwa, ni maneno ya mtu yule yule aliyetangulia kusema kuwa atamtumia Sabina kama silaha. Mtu anayekiri njama halafu akatangaza kwamba njama imekwisha hutakiwa alete ithibati. Kazimoto haleti, anasonga mbele kwa -ka-.

Kwa sababu hiyo hesabu ya mizani ile miwili inatoka namna ambayo haijazingatiwa vya kutosha. Kazimoto akiitwa mwanafalsafa, Sabina anasahauliwa: anakuwa mfano katika hoja ya mumewe juu ya upuuzi wa maisha. Na Kazimoto akiitwa mwendawazimu, Rukia anasahauliwa. Ikiwa ndugu yake ni mtu wa Port Reitz, basi mashtaka dhidi ya Mkuu wa Wilaya ni maneno ya mgonjwa, na Manase anaweza kurudi kazini Jumatatu. Kila hukumu ina mwanamke mmoja inayemzika. Msomaji mwenye haki hana budi kufanya kazi ngumu ya hakimu wa kifungu cha 125: aulize swali kwa swali. Katika jambo la Rukia Kazimoto anajibu kwa maana, na anaaminika. Katika jambo la Sabina haaminiki. Mtu ni yule yule, sauti ni ile ile, ukurasa mara nyingine ni ule ule.

Kitisho cha riwaya kinakaa hapa, na si katika mtoto mwenye kichwa kikubwa peke yake. Mtoto huyo ni wa ajabu kwa sababu nyingine. Katika mazungumzo ya kila siku, kichwamaji ni tusi analotupiwa mtu asiye na akili. Katika mwili, ni maradhi ya maji kujaa kichwani. Kezilahabi amelichukua tusi akalifanya maradhi, akalitoa katika kichwa cha msimulizi na kulitia katika kichwa cha mwana. Riwaya nyingi za kutisha za Ulaya humwachia msomaji faraja ya mwisho, kwamba huenda yote yalikuwa mawazoni. Hapa faraja hiyo imekatazwa. Kilichokuwa mawazoni kimezaliwa, na mkunga amekiona. Na kwa kuwa kimezaliwa katika nyumba mbili, ya mkosaji na ya mlipa kisasi, msomaji anaonyeshwa bila kuambiwa kwamba nyumba hizo zinafanana kuliko alivyokuwa akiambiwa na Kazimoto. Mtoto ni shahidi wa kwanza ambaye msimulizi hakumwita.

Waswahili wana neno zuri kwa hofu ya namna hii, nalo ni wasiwasi. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni mnong'ono unaotiwa kifuani mwa mtu. Mtu aliyeshikwa na wasiwasi hutawadha, akatawadha tena, akatawadha tena, kwa kuwa hawezi kujishuhudia kwamba ametahirika. Kazimoto naye hujieleza hivyo hivyo. Anajiosha kwa maneno, na maneno hayamtoshi, kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia yatosha.

Ulinganisho mmoja utafaa. Bessie Head, katika riwaya yake ya Kiingereza A Question of Power (1973), anaeleza habari za Elizabeth, mkimbizi wa Afrika ya Kusini nchini Botswana, anayeteswa na watu wa njozi waingiao chumbani mwake kama wageni wenye miili. Elizabeth anaugua kweli kweli, na hospitali ya wagonjwa wa akili imo katika kisa. Lakini riwaya haikubali ugonjwa huo uufute ushahidi wake juu ya ubaguzi wa rangi na juu ya tamaa ya mtu kumtawala mwenziwe. Tena inasimuliwa kwa nafsi ya tatu. Mwandishi amekaa pembeni ya mgonjwa wake kama jamaa akaaye pembeni ya kiti, akilinda tofauti kati ya sauti na sauti. Kezilahabi amekataa kukaa pembeni. Hilo limeifanya Kichwamaji kuwa ya kutisha zaidi, na vile vile kuwa na dhuluma zaidi, kwani mgonjwa wa Bessie Head ni mwanamke aliyepewa kurasa zote, ilhali Sabina hana hata moja aliyoisema mwenyewe.

Kuhusu Nagona na Mzingile, ambazo aghalabu hutajwa kuwa ndizo kilele cha majaribio ya Kezilahabi, machache yatatosha hapa. Ndani yake 'mimi' amevuliwa maskani, wakati na ukoo. Wanafikra wakubwa wa dunia wanapita kama vivuli. Njozi na safari zimeungana. Ni vitabu vya fikra pana kuliko Kichwamaji, na wanafunzi huvisoma kwa heshima. Lakini havitishi kwa kadiri ile ile, na sababu yake yaweza kuelezwa kwa hoja iliyokwisha kutolewa. Mahali ambapo kila kitu ni njozi, hakuna anayedhulumiwa na uongo wa msimulizi. Uongo hutisha pale tu ambapo upo ukweli wa mtu mwingine unaofunikwa, na katika nchi ya Nagona hakuna Rukia aliyelala chini ya maneno.

Said Ahmed Mohamed ameifuata njia nyingine katika Babu Alipofufuka (2001). Mhusika wake, mkubwa mwenye mamlaka na mali, anaitwa K tu, na msomaji wa Kafka atatabasamu. K anajiliwa na babu yake aliyekufa, anachukuliwa na kuonyeshwa asiyotaka kuyaona. Hapa mfalme Rai amerudi, ila safari hii amerudi akiwa mzimu, na hakuja kuthibitisha maneno ya msemaji bali kuyakanusha. Yafaa kuuliza riwaya ya Kichwamaji ingekuwaje kama mzimu wa namna hiyo ungemjia Kazimoto usiku mmoja kabla ya harusi, na kama, badala ya babu, angekuwa ni Rukia, akiuliza kwa utaratibu wa kilingeni: wewe unayesema mimi, jina lako nani, na kwa Sabina umekuja kutaka nini?